Hivi kucheka kunaweza kuwa ugonjwa? Ile ya Kashasha 1962 mnaielezaje?

#1 Kitoke
Wakuu habari za Jumapili. Jana nilikuwa msibani Kimara, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, kimya kabisa, mara kiti cha plastiki alichokalia mzee mmoja mbele yangu kikaanza kufunguka miguu taratibu, mzee anashuka nacho huku kashika Biblia usawa ule ule kama hakuna kinachotokea. Mama mmoja nyuma akatoa mlio wa puani. Basi. Mstari mzima mabega yakaanza kutetemeka. Mimi nilitoka nikajifungia chooni nikauma kola ya shati mpaka machozi yakatoka, na marehemu nilikuwa nampenda sana, si kwamba sikuwa na uchungu.

Kwenye daladala nikirudi nikakumbuka ile habari ya Kashasha kule Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya misheni, wanafunzi watatu wakaanza kucheka, ikaenda ikaenda mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakawa wameshikwa, shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wakarudishwa Mei, wakashikwa wengine 57, ikafungwa tena mwezi wa sita. Hii imeandikwa na madaktari, si stori za kijiweni.

Swali langu: kicheko kinaambukizaje hadi kufunga shule? Ni ugonjwa, ni akili, ni nini? Karibuni.

#2 Jirani wa Nyuma
Umeanzia msibani umemalizia Bukoba. Sasa ngoja Wahaya wenyewe na usomi wao waje watuambie hata ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kisomi 😂

#3 Bint Kisauni
Si ndio ile ya karibu na mpaka wetu wa Kenya? Mimi niliisoma kwa mtandao, walisema watu walicheka mwaka na nusu bila kula bila kulala mpaka wengine wakafa. Inatisha wallahi.

#4 Ticha Mstaafu
Bint Kisauni binti yangu, umelishwa matango pori. Kwanza Kagera, mkoa ilipo Bukoba, inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, Kenya iko ng'ambo ya ziwa lote. Najua kuna kurasa za Kizungu zimeandika mpaka wa Kenya, aliyeandika hakufungua ramani. Kashasha ni kama maili 25 kutoka Bukoba mjini.

Pili hakuna aliyecheka mwaka mzima. Mtu alikuwa anashikwa dakika chache hadi masaa machache, anatulia, kisha inamrudia. Kwa mtu mmoja ilichukua masaa machache tu au ikifika mbali siku 16, wengi kama wiki moja. Kilichochukua miezi mingi ni ule mlolongo wa kutoka shule hii kwenda kijiji kile. Tatu, hakufa mtu hata mmoja.

Na nne, hili ndilo watu hawalijui. Haikuwa furaha. Walicheka, wakalia, wakahangaika, wakakimbia ovyo, ukimshika anapigana na wewe. Madaktari wakawauliza wenyewe unasikiaje, kuna waliosema kuna vitu vinatembea kichwani, wengine wanaogopa kuna mtu anawafukuza kwa nyuma. Sasa huyo unamwambia anacheka?

#5 Bint Kisauni
Asante mwalimu, nimekoma. Lakini mpaka mngetupa tu hata kidogo 😅

#6 Omwana wa Nshamba
Nimeitwa nikaja, na Jirani tulia, nshomile (Wahaya wasomi) tumefika. Mimi kwetu Nshamba, na Nshamba imo kwenye hiyo historia. Shule ilipofungwa wasichana walirudishwa makwao, baadhi yao kwao ni huku, ndani ya siku chache ikaanza kijijini. Mwezi wa nne na wa tano watu 217, na si watoto wa shule tu, hata vijana wakubwa wanaume kwa wanawake. Sisi tunaita endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka, lakini wazee zaidi wanasema akajanja, yaani kama wazimu hivi wa kupita.

Bibi yangu hilo neno alikuwa analitumia kila siku. Tukiwa tunakula, mtoto mmoja akianza kuchekacheka bila sababu na wa pili akadaka, bibi anagonga mwiko kwenye sufuria mara moja, "msituletee akajanja hapa," na hapo ujue hakuna utani, anayeendelea anatoka na sahani yake kwenda kula chini ya mgomba. Nilikuwa nadhani ni adabu tu ya mezani. Nimekuja kujua mkubwa kwamba alikuwa anaogopa kweli.

#7 Fundi Redio
Mimi hizi habari za "ni akili tu" sizikubali, ni njia ya madaktari kusema tumeshindwa. Watoto 95 wanakula chakula kimoja kwenye jiko moja, jambo la kwanza ni chakula. Mnaijua mnanaha? Ile inaota kwenye majalala, maua meupe kama tarumbeta, tunda lina miiba. Mbegu zikichanganyika kwenye mahindi au ulezi ukasagiwa unga, mtu anaona mauzauza, anacheka, anaongea na watu hawapo, anakimbia. Mwaka fulani jirani zetu walikula nyumba nzima, tulimkuta baba mwenye nyumba anakama ng'ombe na ng'ombe hayupo. Mikono inaenda vizuri kabisa, chirichiri, ndoo iko katikati ya miguu. Tulicheka siku hiyo, kesho yake tulipoambiwa mdogo wao yuko hoi hospitali hatukucheka tena.

Alafu mnasema walipimwa, walipimwa mboni za macho? Mnanaha inafungua mboni.

#8 Tabibu wa Kata
Fundi hapo umegonga penyewe, maana kweli kwenye ile ripoti mboni zilikuwa zimepanuka kidogo kuliko za watu wazima wa afya. Ila ukimulika tochi zinabana. Mtu wa mnanaha ukimmulika mboni haitingishiki, mdomo mkavu, ngozi imekuwa nyekundu, mkojo hautoki. Hao hawakuwa hivyo. Walichokuta kingine ni magoti yakigongwa na nyundo mguu unaruka sana kuliko kawaida. Basi. Shingo haikukaza, hakuna degedege, hakuna kupoteza fahamu, maji ya uti wa mgongo safi. Damu zilipimwa kutafuta virusi, hawakuambulia kitu.

Na chakula walikifikiria pia. Ila sumu ya chakula inakupiga siku uliyokula, wote mliokula. Haiwezi kukaa Januari hadi Machi inachagua mmoja leo wawili keshokutwa, halafu ipande basi iende Nshamba kwa mtu ambaye jiko la Kashasha hajawahi kuliona. Mwendo wake ni wa kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

#9 Fundi Redio
Kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kinaitwa kijidudu daktari. Na 1962 vipimo vyenyewe vilikuwa vipi, hadubini na kiberiti? Leo kuna virusi kibao vinajulikana wakati huo havikujulikana. Sijasema ni mnanaha lazima, nasema msifunge faili.

#10 Tabibu wa Kata
Faili liko wazi. Ila kirusi kinachoingia ubongoni kwa watu karibu elfu moja, shule 14 zikafungwa, kisiue hata mmoja, kisimwachie hata mmoja kilema, na kiwaruke walimu wote, wale wawili wa Kizungu na watatu Waafrika wanaolala eneo lile lile? Nikikutana nacho nitakipigia saluti.

#11 Mama Wawili
Naomba niongee mimi niliyeshuhudia, si Kashasha, shule nyingine sitaitaja, bweni la wasichana, mimi form two. Tulikuwa prepo usiku, umeme umekatika tunatumia taa za chemli, darasa zima linanuka mafuta ya taa na chupi zilizoanikwa madirishani (samahani wanaume lakini ndio bweni). Msichana mmoja anaitwa, basi simtaji, alikuwa dawati la mbele, akaweka kalamu chini vizuri kabisa sambamba na rula. Nakumbuka ile kalamu mpaka leo. Halafu akaanza kupiga kelele, sauti moja ndefu, na kichwa kinaenda nyuma. Wa pili yake alikuwa rafiki yake wa damu. Wa tatu ni aliyekwenda kuwashika. Mpaka matroni anafika tuko kumi na moja chini na mimi ni wa tisa.

Mnataka kujua unasikiaje? Sikuona jini, sikuona mtu. Vidole vilianza kufa ganzi, midomo ikawa kama si yangu, kifua kinabana napumua haraka haraka kama nimekimbia, nasema moyoni sitaki kuanguka sitaki kuanguka, na miguu hiyo ikaondoka. Nilikuwa nasikia kila kinachosemwa. Nilimsikia mwalimu wa zamu akisema "hawa wanaigiza" na nilitaka kumjibu mdomo haufunguki.

Waliletwa mchungaji na shekhe siku moja, mmoja bweni hili mwingine bweni lile. Ikaendelea wiki tatu. Iliisha walipotupeleka likizo mapema.

#12 Jirani wa Nyuma
Pole dada. Ila ukweli usemwe, iliisha mlipopewa likizo 👀 Sisi wavulana tulikuwa tunatafuta malaria ya kuchora, nyie mlikuwa na mapepo. Kutega ni kutega.

#13 Mama Wawili
Jirani, niliposoma neno kutega nimesikia tena ile sauti ya mwalimu wa zamu. Mimi nilikuwa wa pili darasani, mtihani nilikuwa nautaka. Niliumia kiwiko nina kovu mpaka leo. Ukitega unachagua pa kuangukia kaka yangu.

#14 Jirani wa Nyuma
Sawa dada nimefuta kauli. Nilikuwa natania.

#15 Tabibu wa Kata
Mama Wawili umeeleza vizuri kuliko kitabu. Ile ganzi ya vidole na midomo ni kupumua kupita kiasi. Ukihema haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inabadilika, neva zinakuwa na wepesi wa kushtuka, vidole vinakakamaa. Sasa wewe hujui hayo, unachojua ni kwamba mwenzako kaanguka na wewe vidole vimekufa, unaogopa zaidi, unahema zaidi. Duara hilo. Mwili haudanganyi, dalili ni za kweli kabisa, ila chanzo si kijidudu. Ndio maana hata neno histeria, walilozoea kuiita hali hii, wengi siku hizi hawalipendi, maana ukisema histeria watu wanasikia "anaigiza".

#16 Bint Kisauni
Kwetu Pwani hiyo kazi ya mganga kupunga, majini yanatajwa kwa majina, lipo la Kiarabu lipo la kibara, kila moja na ngoma yake. Na msicheke, nimeona mtu mzima ameingia hawezi kusimama akatoka anakula wali. Na si zamani tu, 2023 mwezi wa kumi pale Eregi, Kakamega, wasichana kadhaa wa kadhaa wa shule miguu ilikataa, video zilizunguka kila simu, wanatembea kama wanavutwa kwa kamba. Serikali ikapima, ikasema hakuna ugonjwa wa kuambukiza, ni histeria. Wazazi hawakukubali. Mimi mwenyewe sijakubali wala sijakataa.

#17 Mnyantuzu Original
Kwa hiyo ngoma inaponya kwa sababu jini limetoka au kwa sababu mgonjwa amecheza usiku kucha na watu wote wanamwangalia yeye kwa mara ya kwanza maishani?

#18 Bint Kisauni
Mnyantuzu mbona unauliza kama unajua jibu 😂 Muhimu amekula wali.

#19 Ticha Mstaafu
Niwarudishe kidogo kwenye mwaka wenyewe maana mnauruka. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961. Kashasha ni tarehe 30 Januari. Hata miezi miwili haijafika. Kuna wasomi walioandika baadaye, Christian Hempelmann ni mmoja, wanasema wale watoto walikuwa kwenye shinikizo, wazazi wanategemea makubwa, nchi mpya, walimu wanadai zaidi, na mtoto wa miaka 12 hadi 18 kwenye bweni la misheni hana pa kulisemea. Hawezi kugoma, hawezi kutoroka. Mwili ukasema.

Na haikuwa kwetu tu. Mwaka uliofuata Uganda ikawa na mambo yake, Kigezi kucheka, kule Mbale watu wakawa wanakimbia, wanakimbia tu mpaka wanachoka. Daktari Benjamin Kagwa, huyu ni Mganda mwenyewe, aliandika mwaka 1964 kuhusu hayo akayaunganisha na watu wanaobadilishiwa dunia haraka, mila za mababu huku na mambo mapya kule.

Ila sasa nina ugomvi na ile ripoti ya kwanza, ya Rankin na Philip ya 1963. Wameandika kwamba hakuna mtu msomi na mstaarabu aliyeshikwa. Mimi nikisoma hapo nasikia harufu ya wakati ule. Kwamba mwenye shule yake hawezi kuchanganyikiwa.

#20 Omwana wa Nshamba
Ticha nakuunga mkono kwenye harufu, nakupinga kwenye uhuru. Bibi yangu na wenzake wa Nshamba, wengi wakulima wa kahawa na migomba, uhuru uliwabadilishia nini kwa miezi michache? Kahawa ile ile, mwenye duka yule yule. Ukisema mtoto wa bweni alibanwa nitakuelewa. Mkulima wa Nshamba alibanwa na nini ghafla mwezi wa nne? Mimi nadhani kule kijijini ilikuwa ni woga tu, umeona mtoto wa jirani kaletwa nyumbani anacheka na kulia, umeambiwa huu ugonjwa unaambukiza, usiku huo unajisikiliza mwenyewe. Ukijisikiliza sana utasikia kitu.

#21 Ticha Mstaafu
Hapo kwa mkulima umenibana. Nitalala nalo.

#22 Fundi Redio
Au walikula senene wabovu, wale panzi wenu 😂

#23 Omwana wa Nshamba
Fundi, senene hawahusishwi na mambo ya kijinga kwenye uzi huu. Nitakuripoti.

#24 Jirani wa Nyuma
Rubisi je, pombe yenu ya ndizi?

#25 Omwana wa Nshamba
Rubisi inahusika na kila kitu lakini si wasichana wa misheni.

#26 Kitoke
Nimerudi wakuu, mtandao ulikuwa unasumbua. Uzi umenoga, asanteni. Ila hamjanijibu la msibani. Mimi sikuwa na woga, sikuwa na shinikizo, na nilidaka kicheko cha mama nisiyemjua.

#27 Tabibu wa Kata
Kitoke, kicheko si kwa ajili ya vichekesho. Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Provine, alikaa madukani na vyuoni anaandika watu wanacheka baada ya sentensi gani. Nyingi hazichekeshi kabisa, ni "haya tutaonana", "wewe nawe". Na aliona mtu akiwa na wenzake anacheka mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo ni sauti ya kuwasiliana, ya zamani kuliko maneno, hata sokwe akitekenywa anahema kwa mtindo kama wa kucheka. Ukisikia kicheko sehemu za ubongo zinazoandaa uso kucheka zinajiweka tayari hata kabla hujaamua. Ndio maana walikuwa wanaweka sauti za vicheko kwenye vichekesho vya TV.

Msibani sasa kuna la ziada. Mwili uko juu, moyo unapiga, machozi karibu, na umekatazwa kucheka. Ukijizuia, sehemu ya akili yako inabaki inakilinda kile kicheko, yaani unakifikiria muda wote. Kiti kile ungekiona nyumbani ungetabasamu tu.

#28 Mnyantuzu Original
Tabibu umesahau kwamba wazee wetu walishalijua hilo bila kukaa madukani. Kazi ya watani msibani ni nini? Sisi Wasukuma kwa Wazaramo, akifa Mzaramo naingia nalia kilio cha uongo, nalala juu ya mkeka nakataa kutoka hadi nilipwe, nasema marehemu nilikuwa namdai, sijui suruali yake ni yangu ivuliwe. Watu wana uchungu lakini wanacheka kwa ruhusa. Kicheko kimepewa mlango. Wewe Kitoke kwenye yale mahubiri hapakuwa na mtani, kikatokea dirishani.

#29 Jirani wa Nyuma
Mnyantuzu leo umeoga.

#30 Mkia wa Foleni
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina shangazi akicheka sana anaanguka. Sio utani. Kitu kikimchekesha kwanza kidevu kinalegea, anaongea kama mlevi, shingo inainama, magoti yanakatika, yuko chini. Dakika haijaisha kaamka anafuta gauni. Kwao wanamwambia ana kifafa, wengine wanasema ni jini la mume. Ameacha kwenda harusini kwa sababu hiyo. Sasa hivi tukiwa naye wote tunakuwa serious kama tuko mahakamani, na yeye ndiye mtu anayependa stori kuliko wote kwenye ukoo.

#31 Tabibu wa Kata
Mkia, akiwa chini anasikia mnachoongea? Anajikojolea au kung'ata ulimi? Mchana anasinzia sana, yaani anaweza kulala katikati ya mazungumzo?

#32 Mkia wa Foleni
Anasikia kila kitu, akiamka anatujibu tulichosema. Hakojoi, hang'ati. Kusinzia duh, tunamwita Godoro. Amewahi kulala amesimama kwenye foleni ya maji ndoo ikiwa kichwani, tupu lakini.

#33 Tabibu wa Kata
Sitibu mtu mtandaoni, ila hayo maelezo yanafanana sana na kitu kinaitwa katapleksi, inatembea na ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsi. Ukilala na kuota, ubongo unazima misuli ili usitembee na ndoto. Kwa hawa watu ile swichi inajizima wakiwa macho, na kinachoibonyeza ni hisia kali, kicheko ndio namba moja. Kwa wengi chanzo ni kupungua kwa kemikali moja ya ubongo inayotufanya tukae macho. Si kifafa na si jini la mume. Mpeleke hospitali ya rufaa aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, dawa za kupunguza zipo. Na msiache kumchekesha, mkalisheni tu kwanza kwenye mkeka.

#34 Mama Wawili
Jamani shangazi Godoro 🥺 Mkia mpeleke kweli usiishie hapa.

#35 ChaiYaRangi
Mimi ni msomaji tu sijawahi kuchangia, leo imenigusa. Babu yangu alipata kiharusi mara mbili. Baada ya cha pili akawa analia kila kitu. Nikimletea uji, kijiko kikigusa tu mdomo analia kwa sauti, machozi kabisa, nikiweka kijiko chini ananyamaza kama umefunga bomba. Siku nyingine anacheka, kaka yake kaja kumwambia ng'ombe wamekufa babu anacheka kwikwikwi na macho yanaomba msamaha. Familia ikagawanyika, wengine wanasema nyumba ina kisirani, wengine wanasema babu hakumpenda kaka yake siku zote. Siku moja alinishika mkono akasema kwa shida, "mimi sili...lii." Ilinichukua muda kumwelewa. Alikuwa anasema halii yeye.

#36 Tabibu wa Kata
ChaiYaRangi babu alisema kweli kabisa. Kiharusi kikikata njia zinazotoka juu ya ubongo kushuka kwenye shina, breki ya kulia na kucheka inakatika. Uso unalia bila moyo kulia. Hata kile kicheko cha habari ya ng'ombe hakikuwa cha furaha. Nayo ina dawa, watu wengi hawaambiwi.

#37 ChaiYaRangi
Alishafariki 2019. Nashukuru daktari. Nitamwambia babu mdogo.

#38 Fundi Redio
Pole sana Chai.

Tabibu sasa umejifunga mwenyewe. Umesema kuna kicheko cha kiharusi, kuna kuanguka kwa kicheko, vyote ubongo. Na kuna ule ugonjwa wa kucheka wa Papua New Guinea, kuru, waliokuwa wanakula ubongo wa ndugu zao waliokufa. Kwa nini Kashasha isiwe kitu cha ubongo ambacho hakijagunduliwa?

#39 Tabibu wa Kata
Kuru waliokuwa wanaumwa ni watu wa Fore, na magazeti ndiyo yaliyopenda kuita ugonjwa wa kucheka. Dalili kubwa ni kutetemeka na kushindwa kusimama, na ukishaupata unakufa, hakuna kurudi shule mwezi wa tano. Gajdusek alipata Nobel 1976 kwa kuonyesha unaambukizwa. Kuna na kifafa cha kucheka pia, watoto wadogo wanacheka sekunde kadhaa bila sababu kwa sababu ya uvimbe mdogo katikati ya ubongo. Lakini uvimbe haurukii mtu wa kitanda cha pili.

Ukiniuliza Kashasha haikuhusu ubongo nitakwambia ilihusu, kila kitu kinahusu ubongo. Swali ni nini kiliusukuma.

#40 Fundi Redio
Ndio hilo hujajibu.

#41 Tabibu wa Kata
Ndio hilo sijajibu.

#42 Mama Wawili
Mimi mnisikilize tena dakika moja. Kwa nini mara zote mnasema wasichana wasichana? Kwa sababu ndio wanaofungiwa. Kaka zangu walikuwa shule ya kutwa, wakichoka wanapitia mtoni kuogelea. Sisi geti, kengele, geti. Wafungieni wanaume 159 kwa misheni miezi sita muone kama hawatacheka.

#43 Mnyantuzu Original
Wanaume 159 watachoma bweni.

#44 Mama Wawili
Haya, ndio kicheko chao hicho. Hatujawahi kuwaita wana histeria.

#45 Ticha Mstaafu
Nimefundisha miaka 34, sina la kumpinga Mama Wawili.

#46 Jirani wa Nyuma
Mimi nina swali la kijinga. Kwa nini huwezi kujitekenya mwenyewe? Nimejaribu sasa hivi mke wangu ananiangalia.

#47 Tabibu wa Kata
Ubongo wa nyuma, serebela, unajua mkono wako unakwenda wapi kabla haujafika, unapunguza makali ya mguso. Mkono wa mtu mwingine haujulikani unapofika. Mwambie shemeji akusaidie.

#48 Jirani wa Nyuma
Kasema ana kazi.

#49 Mkia wa Foleni
Taarifa fupi, nimeongea na binamu, shangazi tunampeleka rufaa wiki ijayo. Nilimsomea post ya Tabibu kwenye simu nikafika pale pa jini la mume, akaanza. Binamu kamdaka kabla hajagusa sakafu, sufuria ya maharage ndiyo iliyomwagika.